Maswali ya Wasomaji: Umenunua Bakteria, Ukadhani Umenunua Mbolea

Toleo lililopita niliandika mistari kama mitano tu kuhusu mboji ya minyoo, yaani kile kinachobaki minyoo wakishakula maganda na mabaki ya jikoni, mitano jamani, na tangu hapo hamjanipa pumzi. Maswali yamekuja mengi mpaka mengine yanagongana, kwa hiyo nimeyachambua, yanayofanana nimeyafanya moja, majina nimeyaweka pembeni ili mtu asione aibu. Na karibu yote ukiyachimba unakuta yanauliza jambo lile lile, hiki kitu cheusi kinafanya kazi kwa sababu gani hasa. Twende.

Naitrojeni yenyewe kiduchu, nimepigwa?

*Habari za kazi mtaalamu. Nimenunua mfuko wa mboji ya minyoo baada ya kusikia sifa nyingi, kufika nyumbani nasoma lebo nakuta naitrojeni asilimia moja na kidogo, wakati urea niliyozoea iko juu huko. Kwa macho yangu naona ni udongo mweusi tu umetiwa kwenye mfuko mzuri. Niambie ukweli, nimepigwa?*

Hujapigwa ndugu yangu. Lebo umeisoma vizuri, ila umeilinganisha na kitu ambacho si saizi yake. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, hakuna mboji ya aina yoyote itakayoifikia kwa namba hiyo na wala haijaribu. Mimi huwa nawaambia watu mboji ya minyoo ni hamira, siyo unga. Hakuna anayeweka hamira kwenye mzani akalalamika mbona nyepesi, anaangalia itaumua nini.

Hiyo hamira ndo bakteria. Kuna kuvu na vijidudu vingine humo ndani pia lakini leo tubaki na bakteria maana hao peke yao wanatosha kujaza gazeti. Gramu moja tu, ambayo hata kijiko cha chai haijazi, ina bakteria wa kuhesabiwa kwa mamia ya mamilioni na mara nyingi wanavuka bilioni, na lebo haina hata mstari wa kuwaandika.

Wametoka wapi? Mnyoo hana meno. Anasubiri ganda lioze kidogo lilainike, halafu analivuta mdomoni pamoja na vipunje vya mchanga, vinashuka mpaka kwenye firigisi, ndiyo, ana firigisi kama kuku, vinasagwa humo mpaka vinakuwa uji. Na kusema kweli ganda lenyewe silo analolitafuta sana, chakula chake kikubwa ni vile vijidudu vilivyojipaka juu ya ganda. Ndani ya utumbo wake sasa kuna unyevu, kuna ute, kuna sukari nyepesi nyepesi, na oksijeni karibu hamna. Kuna bakteria wanaoingia humo wakameng'enywa wakaisha, na kuna wengine waliokuwa wamelala fofofo kwenye udongo wanafika humo wanaamka na kuzaliana hatari. Kwa hiyo kinachotoka nyuma ni kidonge kidogo kilichopakwa ute, kikiwa na wakazi tofauti kabisa na wale walioingia mbele. Ukichukua kioo cha kukuzia ukaangalia mboji nzuri utaviona vile vidonge, vinafanana na unga wa kahawa uliosagwa vibaya, kila kimoja ni kijiji.

Ukiviweka kwenye mizizi ndo shughuli inaanza. Mmea haukai tu kusubiri kulishwa, wenyewe nao unalisha, sehemu nzuri ya sukari unayotengeneza kwenye majani unaishusha na kuimwaga nje kupitia mizizi. Ule ukanda mwembamba wa udongo unaozunguka mzizi, ambako sukari hiyo inadondokea, mwanasayansi Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa jina la rizosfia mwaka 1904, na watu wamekuwa wakiushangaa mpaka leo kwa sababu bakteria wamejazana pale kuliko sehemu nyingine yoyote ya shamba. Wengi wanakula sukari na wanalipa. Kina Nitrosomonas wanaibadilisha amonia kuwa naitraiti, wenzao Nitrobacter na Nitrospira wanaipokea na kuifanya naitreti, ambayo mzizi unaivuta bila tabu. Wengine wanatoa asidi nyepesi zinazofungua fosforasi iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye kalsiamu au kwenye chuma, manake udongo mwingi una fosforasi tele ila imefungiwa, ni kama kuwa na pesa benki na kadi umeipoteza. Wengine wanatengeneza oksini, homoni ile ile ambayo mmea wenyewe unaitumia kuotesha mizizi, kwa hiyo mzizi unachipua vijimzizi vya pembeni vingi zaidi.

Ukiniuliza mimi lipi kati ya hayo ni kubwa nitakwambia hilo la mwisho. Ng'oa miche miwili ya umri mmoja, mmoja wenye mboji na mmoja bila, osha udongo taratibu kwenye beseni la maji, halafu linganisha. Juu huenda usione tofauti kubwa. Chini utaona ndevu.

Miche inaanguka usiku mmoja

*Shikamoo mwalimu. Miche yangu inaota vizuri, siku ya nne ya tano naamka asubuhi nakuta imelala chini yote upande mmoja wa trei, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Nimebadilisha mbegu mara mbili. Jirani anasema niweke mboji ya minyoo itaacha. Kweli au maneno tu?*

Marahaba mwanangu. Hicho ni kinyausi, na maelezo yako yametosha kabisa, hiyo sehemu nyembamba kama uzi ndo sahihi yake. Kubadilisha mbegu hakusaidii maana mgonjwa siyo mbegu, ugonjwa uko kwenye udongo au kwenye trei yenyewe. Wahusika wakubwa ni Pythium na Rhizoctonia. Pythium watu wanaiita kuvu lakini kwa ukoo iko karibu na mwani wa baharini kuliko kuvu, na hilo si la kujua tu kwa ajili ya chemsha bongo, ndo sababu inapenda maji hivyo na ndo sababu dawa nyingi za kuvu haziifanyi kitu. Inatoa vijimbegu vyenye mikia, vinaogelea. Kweli kabisa vinaogelea, kwenye lile tabaka jembamba la maji kati ya chembe za udongo, vikifuata harufu.

Harufu ya nini? Mbegu ikinyonya maji inavimba na kuvuja, inatoa sukari na vitu vingine vinavyosambaa kwenye udongo, na kwa Pythium hiyo ni kama kengele ya chakula. Ni mbio za masaa, siyo siku. Hapo jirani yako ana hoja. Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walilifanyia kazi hilo kwa mbegu za matango na Pythium aphanidermatum, wakakuta mbegu ikilala kwenye mboji ya minyoo kwa masaa machache tu bakteria wanaipanda na kuivaa kama koti, na ikishavaliwa hivyo vile vinavyoogelea vinapoteza njia, haviji kwa wingi kama vinavyokuja kwenye mbegu iliyo uchi. Ona hapo, hakuna aliyemuua mwenzake, harufu tu imebadilika mlangoni na mwizi akapita nyumba.

Kwa hiyo jirani ni mkweli, lakini usifanye mboji kuwa kisingizio cha kuendelea kumwagilia kama unaosha gari. Trei ioshwe, ianikwe juani, maji yawe ya kiasi, hewa ipite, mbegu zisibanane. Mboji changanya na udongo wako wa kitalu kama sehemu moja kwa kumi, iwepo tangu siku ya kupanda. Ukiileta baada ya miche kulala unakuwa umepeleka mlinzi kwenye nyumba iliyoibiwa jana.

Nimeikaanga kwanza

*Kabla ya kutumia nimeipitisha kwenye moto, kwenye sufuria kavu, dakika kama ishirini kuua vijidudu. Nimefanya vizuri?*

Umekaanga wafanyakazi wako.

Nimecheka lakini nakuelewa, tumefundishwa kijidudu ni adui. Madini bado yamo na udongo utalainika, hujapoteza yote. Ila ile kazi ya kuzuia magonjwa umeiondoa. Watafiti wenyewe wakitaka kujua kama kinga inatoka kwenye kemikali au kwenye viumbe hai ndo wanavyofanya hivyo hivyo, wanagawa mboji mafungu mawili, moja wanalipasha moto sana, jingine wanaliacha, halafu wanapanda kwenye udongo wenye ugonjwa. Imefanyika kwa mnyauko fusari wa nyanya, na lile fungu lililopashwa moto likashindwa kuzuia. Watakaobaki kwako kidogo ni wa jamii ya Bacillus, wale wana uwezo wa kujifungia ndani ya spora ngumu kama mbegu na kusubiri mabaya yapite. Changanya na mboji nyingine mbichi kidogo utawarudisha.

Maji meusi ya chini ya ndoo

*Mkuu, ndoo yangu ya minyoo ina bomba chini, kila wiki natoa maji meusi kama lita moja. Nimeona watu wanayaita chai ya minyoo na wanapuliza kwenye majani. Yangu yananuka vibaya kidogo. Napuliza tu?*

Usipulize. Na hilo neno "kidogo" umeliweka hapo ili nikuruhusu, nimeliona.

Kuna vitu viwili watu wanaviita jina moja na hapo ndo mkanganyiko wote unapozaliwa. Yale yanayochuruzika chini ni machujio, maji yaliyopita kwenye maganda ambayo bado yanaoza, yakakusanya kila kitu njiani kizuri na kibaya, yakatuama mahali hapana hewa. Bakteria wanaotawala hapo ni wale wasiopenda oksijeni, na ndo wanaotoa hiyo harufu ya mayai viza. Chumvi inaweza kuwa nyingi humo pia. Yakiwa hayanuki na ukayazimua sana, mara kumi au zaidi, mwaga chini kwenye mimea ya maua au miti, siyo kwenye majani na siyo kabisa kwenye mboga inayoliwa mbichi. Yakinuka yarudishie udongo ulio wazi mbali na mimea.

Halafu lita moja kila wiki ni nyingi, ndoo yako imelowa mno. Shika konzi moja ya mboji kamua kwa nguvu, ikitoa tone moja mawili iko sawa, ikitiririka mpaka kwenye kiwiko weka karatasi zilizochanwa, boksi, majani makavu, na punguza maganda yenye majimaji. Mnyoo anapumua kwa ngozi, anahitaji unyevu lakini maji yakijaa anazama, na wale bakteria unaowataka nao wanazama pamoja naye.

Chai yenyewe ni kitu kingine. Unachukua mboji iliyokwisha kukomaa, unaitia kwenye maji, na unapuliza hewa ndani kwa pampu ndogo kama ile ya tangi la samaki, kwa muda kama siku moja, halafu unatumia hapo hapo ndani ya masaa machache, maana ukizima pampu hao viumbe mamilioni wanamaliza oksijeni iliyobaki chapuchapu. Wengi wanaongeza molasesi ili bakteria waongezeke. Mimi hapo huwa nasita na nitawaambia kwa nini. Molasesi haichagui wa kumlisha, kama kulikuwa na E. koli wawili watatu humo, bakteria wa kinyesi ambao baadhi yao wanaugua watu, nao watashiba na kuzaliana. Kwa mboga za majani achana nayo. Na pengine nionekane mkali lakini chai inasifiwa kuliko inavyostahili, mboji yenyewe ikichanganywa kwenye udongo inafanya kazi kwa uhakika zaidi na huhitaji pampu.

Nimepanda kwenye mboji tupu

*Nikajua kama kidogo ni kizuri basi kingi ni kizuri zaidi. Nimejaza chungu kizima mboji ya minyoo bila udongo, majani yameungua pembeni na mche umedumaa. Mbona?*

Kwa sababu ya chumvi, na kwa sababu mboji tupu inashika maji mno, mizizi inakosa hewa. Chuo Kikuu cha Ohio State walijaribu viwango vingi kwa miaka mingi na kwa kawaida faida kubwa ilionekana mboji ikiwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mchanganyiko, ukipita hapo mmea hauongezi kitu na unaweza hata kurudi nyuma. Mimi sipiti 20. Rudi kwenye ile hamira, huwezi kuoka hamira tupu.

Okoa mche wako hivi: ung'oe na donge lake, tikisa taratibu, panda upya kwenye udongo wa kawaida, mwagilia mpaka maji yatoke chini mara mbili ili chumvi ioshwe.

Nimeweka kwenye mizizi, vidukari vimepungua juu. Inawezekana?

*Sijapuliza chochote. Nimeweka mboji chini tu kwenye nusu ya vitalu, na nusu sikuweka. Sasa vidukari viko upande usio na mboji zaidi. Mwenzangu ananiambia ni bahati.*

Hili swali nimelipenda kuliko yote, kwanza kwa sababu umeacha nusu bila kuweka, watu wachache wanafanya hivyo, wengi wanaweka kote halafu wanakuja kunishuhudia.

Inawezekana ndiyo. Wale wale wa Ohio State waliona vidukari, utitiri na vidungata wakipungua kwenye mimea iliyopandwa kwenye mchanganyiko wenye mboji ya minyoo. Maelezo yake ni ya kushangaza kidogo. Kuna bakteria, wengi wao ni kina Pseudomonas na Bacillus, wakijishikiza kwenye mzizi mmea unawatambua kwamba kuna mgeni, siyo mgonjwa lakini mgeni, na unatuma taarifa mpaka majani ya juu kabisa. Mmea haupigi vita hapo hapo maana hiyo ingekuwa hasara, unakaa tu mkao wa tayari, kama mtu aliyesikia mbwa wa jirani wakibweka akaamka akakaa kitandani bila kuwasha taa. Mdudu akitoboa jani au kuvu ikijaribu kuingia, ulinzi unawaka haraka kuliko kwa mmea ambao haujashtuliwa. Na sababu ya pili ni nyepesi zaidi, mmea uliolishwa naitrojeni nyingi ya mkupuo unakuwa na majani laini yenye utomvu mtamu, vidukari vinaupenda huo. Mboji inatoa kidogo kidogo.

Na hao Pseudomonas wana ujanja mwingine chini kwa chini ambao siwezi kuupita. Chuma kwenye udongo kipo kingi lakini kimeganda kama kutu, hakiyeyuki. Wanatoa kikemikali kinachoitwa siderofori, kinaenda kukamata chembe ya chuma na kurudi nayo nyumbani, na kila anayetaka kuila lazima awe na mlango unaolingana na ufunguo huo. Kuvu nyingi za magonjwa hazina. Zinakufa njaa ya chuma katikati ya udongo mwekundu uliojaa chuma. Mwaka 1980 wanasayansi walionyesha kwamba hiyo ni moja ya njia ambazo bakteria hawa wanaukuza mmea, yaani kwa kuwanyima maadui chakula tu.

Mwambie mwenzako bahati inaweza kuwepo pia, jaribio moja halitoshi. Rudia msimu ujao, ubadilishe pande.

Maji ya bomba yana klorini, si yanaua kila kitu?

*Nimesikia klorini inaua bakteria ndo maana wanaiweka kwenye maji. Basi nikimwagilia si naua hao wazuri?*

Kwa kumwagilia udongo wa kawaida, hapana, usijitese. Klorini ikikutana na udongo inamalizwa na mabaki ya majani na vitu vingine vya juu juu kabla haijafika mbali, na bakteria wanajaza pengo haraka. Pa kuangalia ni unapotengeneza chai, hapo maji na bakteria wanakutana uso kwa uso. Acha maji kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima klorini itapaa. Ila baadhi ya mitambo ya maji inatumia kloramini badala ya klorini na hiyo haipai kirahisi hivyo, ukitumia maji ya mvua unakuwa umelimaliza suala.

Na afya yetu sisi?

*Mimi ni mama wa watoto wadogo, wanapenda kushika minyoo. Kama humo ndani kuna bakteria mabilioni, watoto wangu wako salama?*

Mama, waache washike, halafu wanawe mikono kwa sabuni. Hilo la pili lisikosekane.

Minyoo hawa wa mboji siyo minyoo ya tumboni, hawaishi ndani ya mtu. Na bakteria walio wengi humo hawana habari na sisi, wao wamezoea mizizi na maganda. Lakini siwezi kukuambia hamna hatari kabisa. Mboji ya kurundika, ile inayopata joto, ikifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa inaua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Mboji ya minyoo haipati joto hilo, wala haitakiwi, minyoo wekundu wanafurahi kati ya nyuzi 15 na 25 na ikikaribia 35 wanaanza kufa. Ndo maana nyanya zinajiotea zenyewe kila unapoweka mboji ya minyoo, mbegu zilipita salama. Minyoo wanapunguza vimelea, hilo limeonekana hata kwa uchafu wa majitaka katika jaribio la Florida lililochapishwa mwaka 2001, Salmonella na bakteria wa kinyesi walishuka sana, ila kupunguza siyo kuchemsha. Kwa hiyo usiweke kinyesi cha mbwa wala paka, wala cha watu, usiweke nyama. Kama unatumia samadi ya ng'ombe irundike ipate joto kwanza ndo uwape minyoo. Na mboji isambaze kabla ya kupanda mboga za kuliwa mbichi, usiinyunyize juu ya majani wiki ya kuvuna.

Bakteria wa pakiti

*Kuna unga unauzwa una bakteria wazuri wa aina tatu, muuzaji anasema nikichanganya na mboji yangu itakuwa na nguvu mara mbili. Ninunue?*

Mimi nisingenunua. Mboji yako tayari ina aina mamia kwa maelfu waliokwisha kugawana nyumba, wageni watatu wa kiwandani wakiingia humo wanakuta kila kiti kina mtu. Wengi wanapungua ndani ya muda mfupi. Mara mbili ya nini, muulize, akupe kipimo.

Ila kuna unga mmoja ninaouheshimu, ule wa Rhizobium kwa mimea ya jamii ya kunde, hasa mahali ambapo zao hilo halijawahi kupandwa. Wale wanaingia ndani ya mzizi wenyewe na kujengewa kifundo, na mmea unawalinda, hawagombanii viti na mtu. Unataka kujua kama wanafanya kazi? Ng'oa mmea mmoja karibu na kutoa maua, chukua kifundo kimoja kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha pinki kama nyama, naitrojeni inavutwa kutoka hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hamna kazi hapo. Hakikisha tu ni vifundo vinavyobanduka kirahisi ubavuni mwa mzizi. Kama mzizi wenyewe ndo umevimba na kupindapinda hauvunjiki pembeni, hao ni minyoofundo, minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, habari nyingine kabisa na siyo nzuri.

Nihifadhi vipi?

*Nina nyingi kuliko ninavyoweza kutumia sasa hivi.*

Kivulini, kwenye kitu kinachopitisha hewa, ikiwa na unyevu wa sponji iliyokamuliwa. Itakaa miezi kadhaa bila shida. Mimi niliwahi kuiacha kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kamba, nyuma ya gari, juani, siku tatu, nikasema si imeshakuwa mboji, itaharibika nini tena. Nilipofungua majirani walijua. Ilikuwa moto mkononi, inateleza, inanuka kama mtaro. Bakteria wako hai jamani, wanapumua, ukiwafungia wanaopenda hewa wanakufa na wengine wanashika madaraka. Ikikauka kabisa nayo wengi wanakufa, ndo maana ile inayouzwa ikiwa vumbi kavu kabisa kama saruji mimi huwa naipita.

Vidudu vyeupe vinavyoruka

*Swali dogo tu la mwisho. Ndoo yangu inanuka vizuri, kama udongo baada ya mvua, lakini nikifunua nakuta vidudu vidogo vyeupe vingi, vidogo kuliko ufuta, ukivigusa vinaruka. Niviue?*

Viache. Na huenda umejibu swali lako mwenyewe bila kujua, kwa sababu hiyo harufu na hivyo vidudu vinahusiana.

Harufu ya mvua inatokana na kitu kinaitwa jeosmini, na mtengenezaji wake mkubwa ni bakteria wa jamii ya Streptomyces. Unawajua hao hata kama jina ni geni, streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipatikana kwa Streptomyces wa udongo mwaka 1943 kwenye maabara ya Selman Waksman Marekani. Udongoni wanaendelea na biashara ile ile, wanatengeneza kemikali za kuzuia wenzao, na vimeng'enya vya kumeng'enya kaitini, ambayo ndo ukuta wa kuvu nyingi na ganda la wadudu. Ukiwaona kwa macho ni utando mweupe wa kijivujivu kama vumbi la chaki kwenye vipande vya boksi, watu wanadhani ni ukungu mbaya wanautupa.

Sasa kwa nini wahangaike kutoa harufu? Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha hao wadudu wako wanaoruka wanaifuata hiyo jeosmini. Wanakuja kula bakteria, spora zinawaganda mwilini na nyingine zinapita tumboni salama, halafu wanaondoka nazo kwenda kuzipanda kona nyingine ya ndoo. Wamepewa chakula, wamefanywa wabebaji mizigo. Kama ndoo inanuka hivyo na wanaruka hivyo, funika uendelee na shughuli zako, ila wakizidi mpaka wanafunika juu kote ujue imelowa, weka boksi kavu.